Kiganja cha Mama Papasa

Wagonjwa walimwita Mama Papasa, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kupekua wanawake kwenye lango la hospitali, na walipuaji wa dunia hii, ambao hata hawakumjua, ndio walioipanga upya kazi hiyo kila walipobadili mbinu.

Alipoajiriwa na kampuni ya ulinzi, adui alikuwa gari. Ofisi za wakubwa zilikuwa zimelipuliwa kwa magari yenye mabomu ng'ambo huko, naye akapewa kioo chenye mpini, akashinda ameinama akichungulia uvungu wa magari. Wakubwa wakajizungushia kuta. Walipuaji wakahamia hotelini na mabegi mgongoni, Mama Papasa akafundishwa kufungua mabegi. Hoteli nazo zikajaa walinzi, basi wauaji wakashuka sokoni na kwenye vituo vya basi, nchi hii leo, kesho ile.

"Waoga wakubwa!" alikuwa akiifokea redio. "Wakubwa wamewashinda, wametugeukia sisi walalahoi!"

Mwaka huu redio ikatangaza kwamba katika nchi nyingine mwanamke alijifunga bomu tumboni, akajifanya mjamzito, akaingia hospitali. Kesho yake bosi wa zamu akatoa amri: kila tumbo likaguliwe. Tena si kwa mgongo wa mkono, kama walivyozoea ili kumstahi mtu, bali kwa kiganja, na kubonyeza.

"Bosi, hapa wanakuja wajawazito kujifungua. Niwabonyeze wote?"

"Wote. Ukiruka hata mmoja, huna kazi."

Akabonyeza. Wanawake walimsonya, mmoja akamzaba kibao. Hasira zake akazipeleka nyumbani, zikaishia kwenye masufuria.

Asubuhi moja, kwenye foleni, akamwona kitindamimba wake. Alikuwa ameolewa mbali, na hii ndiyo mimba yake ya kwanza. Alikuwa ametoka kushuka kwenye basi, ameshika kiuno, jasho linamtiririka.

"Uchungu umenianzia njiani, mama. Nipishe."

Bosi alikuwa amesimama pale pale, mikono kifuani. Mama Papasa akamtazama, akatamani kumtafuna mzima mzima.

"Inua mikono, mwanangu."

"Unanipekua mimi?"

Akapitisha mgongo wa mkono harakaharaka.

"Kiganja!" bosi akafoka.

Akaweka kiganja, akabonyeza. Ndani, mtoto akapiga teke. Miezi yote hiyo alikuwa akiisubiri siku ya kumgusa mjukuu wake, na sasa amemgusa akimtafutia bomu. Akawalaani wote moyoni: waliolipua, waliojenga kuta, na huyu aliyesimama kama nguzo.

"Hakuna kitu," akamwambia bosi kwa ghadhabu. "Ni mjukuu wangu."

Akanyoosha mkono amshike bintiye, amsindikize mpaka mlangoni. Binti akaukwepa.

"Umeshanigusa, mama. Inatosha."