Uzi Mkononi mwa Mudathir

Viatu vimejaa barazani. Mudathir Mwishehe anavipanga kwa mguu, pea kwa pea, asije mtu akajikwaa. Ndani ya ukumbi huu wa Wahindu, Kinondoni, ni sikukuu ya rakhi: dada anamfunga kaka uzi mkononi, kaka anampa zawadi na kuahidi kumlinda. Vicheko vinasikika mpaka getini. Yeye ni mlinzi, ana miaka hamsini na mbili, na tangu asubuhi hajazungumza na mtu zaidi ya kuitikia salamu.

"Getini unaona watu wengi, ila wanapita tu," anasema. "Mie mtu akiniambia pole na kazi, naridhika."

Watu wanapokwenda kula, bibi mmoja anabaki kwenye kiti karibu na mlango. Ni Hansaben, mjane anayekuja kila mwaka. Kaka yake alifia ughaibuni, na uzi alioununua bado ameushika. Anamwita Mudathir.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete mkono."

Mudathir anauona uzi mwekundu wenye shanga, anarudisha mkono nyuma. Kasheshe. Mzaramo wa Ukonga akiona anafungwa uzi mwekundu, anachojua yeye ni hirizi.

"Nikamwambia, mama, mie sifungwi dawa. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Dawa ya nini? Mimi nimekosa kaka tu.'"

Basi akanyoosha mkono, akafungwa. Zawadi hakuwa nayo, akatoa mfukoni karanga zake za kukaanga, nusu kifuko. Bibi akazitafuna palepale kwa raha zake, halafu akauliza, hivihivi tu, kama mtu yeyote anavyouliza: "Na wewe una dada?"

"Sina," Mudathir akajibu.

Anaye. Anaitwa Tunu, anaishi Tegeta, na ndiye ndugu pekee aliyebaki. Mama yao alipougua, Tunu alimuuguza peke yake. Siku aliyofariki mama, Mudathir alikuwa lindoni, na alishaonywa kwamba akiacha geti, kazi hana. Alifika makaburini watu wanakung'uta mikono. Tunu akamwambia mbele ya waombolezaji, "Kuanzia leo huna dada."

Mwaka wa tatu huu. Simu anazompigia Tunu hazipokelewi, na sikukuu ya Idi, Mudathir anakula pilau ya kununua, chumbani, mlango ameurudisha.

"Lile lilikuwa neno la Tunu, la hasira zake," anasema. "Mie sikuwahi kulitamka. Leo nimelitamka mwenyewe, tena kwa mtu aliyetoka kunifanya kaka. Nimeumia, jamani. Nimemzika dada yangu angali hai."

Alitaka kurudi kumweleza bibi ukweli, lakini gari lilishakuja kumchukua.

Kesho ni siku yake ya mapumziko. Atakwenda Tegeta. Maneno ya kusema hana, na wa kumtanguliza amwombee radhi hana pia.

"Nitabisha hodi. Asipoitika, nalala hapohapo kizingitini. Tunu namjua, tangu mtoto hawezi kuvumilia uwanja mchafu. Kukipambazuka lazima atoke na ufagio. Akitaka kunifagia na mie, anifagie. Ila ataniona."