Pini Iliyogoma

Mama jirani yangu hapa milimani Montana hashiki nyundo kabla hajamaliza kahawa. Anaidondoshea pini ya bunduki mafuta, anailaza bunduki juu ya ubao wenye tundu, halafu anaipapasa pini kwa kidole gumba kama anayetafuta mwiba. Subira yake inaudhi. Kesho msimu wa kulungu unaanza, friza ya nyama ya familia yake tupu, na springi ya triga, yaani kifyatulio, imekatika; haibadiliki mpaka itoke pini iliyogoma.

“Shem, kahawa haitoi pini,” Lonnie, shemeji yake, akamcheka. “Mimi nimeigonga wiki nzima.”

“Upande gani?”

“Huu hapa.”

Mama akaigeuza bunduki, akaigonga pini mara moja kwenye ncha yake nyembamba. Pini ikadondoka sakafuni.

“Wiki nzima ulikuwa unaikaza, shem,” akasema, akamnyooshea kikombe kitupu. “Haya, niongezee.”