Gari Lililolala Zizini

Kwetu Ukuryani, kaka huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake. Nilipoolewa, ng'ombe waliingia zizini kwa baba kule Kemambo, wamsubiri mdogo wangu apate mchumba. Kisha ikaja dhahabu, na akili za wanaume zikatumbukia mashimoni.

Baba hakushika hata sururu. Aliwabadilisha ng'ombe wangu wote kwa gari la mwenye shimo mmoja aliyekuwa akifunga kazi: jeusi, refu, viti vya ngozi, dashibodi ya mbao, la enzi za mawaziri wa zamani. Akaliita gari la heshima. Heshima gani ya kitu kinachokwaruza tumbo kwenye kila kichuguu? Mimi na mume wangu tulikuwa tukiishi Nkende, tuna gari la familia la kisasa, lililoinuka kidogo kama kuku anayevuka maji. Baba alisema ni bati la kubebea watoto. Kweli lilibeba watoto. Lilibeba pia mahindi, mbuzi, mama akienda kliniki, na mara mbili lilifuata betri ya hilo la heshima.

Mdogo wangu akapata mchumba. Wazazi wa binti walipokuja kukagua ng'ombe, baba aliwaongoza hadi zizini. Alikuwa ameliegesha gari humo, eti ndani ya ua wa zizi wezi hawafiki. Mzee wao alilizunguka polepole, akaligusa ubavuni kwa fimbo.

"Mkwe," akasema, "na huyu anazaa?"

Baba akaanza habari za ngozi na mbao. Wageni waliondoka wakaacha chakula mezani. Mdogo wangu, mwanamume mzima, alikaa nyuma ya nyumba akilia.

Tulilitafutia lile jeusi mnunuzi hadi Sirari. Kila aliyefungua boneti aliifunga akicheka. La kwetu lilinunuliwa siku hiyo hiyo, fedha zikageuka ng'ombe wa mdogo wangu. Mume wangu alinuna wiki nzima. Basi mimi nimeolewa mara moja, mahari yangu imetolewa mara mbili, na ya pili nimeitoa mwenyewe.

Siku ya harusi, baba alishikilia kwamba bibi arusi aletwe kwa gari la heshima. Lilizimika mlimani. Tukashuka kulisukuma, mimi mtoto mgongoni, viatu mkononi. Baba akatoa kichwa dirishani, uso umejaa furaha.

"Mwanangu," akaniuliza, "lile bati lako liko wapi leo?"