Magunzi ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alipovunjika mguu shambani kwake Kifanya, mume wangu alisema tumlete kwetu Njombe mjini. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Chakula hakikunitia wasiwasi, wala kitanda. Kilichonitia wasiwasi ni choo.

Katika ukoo nilikoolewa, mkwe na mkwe wana mipaka yao. Mzee namsalimia nimepiga magoti, hatua kadhaa kutoka alipo. Simpi mkono, siingii chumbani mwake. Mambo ya msalani ndiyo kabisa hayatajwi. Akiniona nimeshika kopo la maji, mzee hugeuza uso akatazama paa la jirani kana kwamba ndiyo kwanza limeezekwa. Mwanzoni mwa ndoa yangu nilikuwa nacheka. Sasa nami nageuza wangu.

Tuna choo cha ndani, katikati ya nyumba, na cha zamani cha shimo nyuma ya miparachichi, ambako asubuhi za ukungu hata mwenye miguu miwili mizima huteleza. Cha kwanza mzee asingekubali kushirikiana nami. Cha pili kingemvunja mguu wa pili. Basi tukamjengea chumba upande wa chini wa nyumba, chenye mlango wake na choo chake. Nikasisitiza kwamba bomba lake lisikutane na letu popote, liende lenyewe hadi kwenye shimo la majitaka.

Fundi wa mtaani kwetu nilimkataa. Mimi ni mwalimu, na ugonjwa wangu ni kuamini kilichoandikwa. Nilitaka kampuni yenye ofisi, watu wa ovaroli, karatasi yenye mhuri. Niliipata Makambako. Walikuja na gari lao, wakachimba, wakajenga chemba mpya ya kukagulia bomba, wakafukia, wakaondoka. Siku zote hizo mzee alikaa kwenye benchi, koti lake zito mabegani na fimbo kati ya magoti, akiwatazama tu. Nami nilikuwa shuleni, nafundisha.

Miezi miwili ilipita. Halafu ukaanza kunuka upande wa chini. Niliona pia kwamba kila asubuhi mzee anaanika dekio nje ya mlango wake, nikamsifia kwa mume wangu: baba yako msafi kuliko sisi sote. Mpaka siku maji meusi yalipopita chini ya mlango na kufika barazani.

Nilipiga simu. "Tumeshatoka Makambako, mama," wakanijibu. Walitoka Makambako siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaja msimamizi peke yake, akafunua chemba, akachokoa kwa mti, akasimama akijifuta mikono. Mzee alikuwa palepale kwenye benchi lake.

"Choo cha huku chini anatumia nani?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuza mnadani.

"Baba mkwe," nikasema polepole, nikitumaini na yeye atashusha sauti.

"Mtu wa mjini?"

"Wa Kifanya."

Akacheka. "Basi tusisumbuane, mama. Wazee wa kijijini hawajaacha kujifutia magunzi. Anamaliza haja, anatupia humu. Hapo kampuni haihusiki."

Sikumwomba anioneshe hata gunzi moja. Ndilo jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Tulikuwa tumetoka kupukuchua mahindi, na magunzi yamelundikwa kando ya jiko yakisubiri kuwashia moto. Nililitazama lile lundo, nikamtazama mzee, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo yake, nikaamini. Yule mtu alikuwa na ovaroli iliyoandikwa mgongoni. Mzee alikuwa na koti tu.

Mimi nisingeweza kumuuliza, kwa hiyo nikamtuma mume wangu. Alikataa.

"Nimuulize baba yangu anajifutia nini? Hapana, mama watoto."

"Basi watoto waugue kwa ajili ya aibu yako."

Maneno yangu nikikasirika yana ncha, najua. Alikwenda. Alirudi upesi kuliko nilivyotegemea.

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

Hilo tu. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikabeba magunzi yote, ndoo baada ya ndoo, nikayatia stoo nikafunga kufuli. Nilifanya hivyo mchana kweupe, na mzee ananiona.

Tangu siku hiyo akawa anakula nusu ya ugali, na chai ya jioni akawa anairudisha. Baada ya siku chache alimwambia mwanawe kwamba amekumbuka kwake, anataka kurudi Kifanya. Mguu haukuwa umepona. Mume wangu alimbembeleza, mzee akashikilia lake. Mimi nilimfungashia unga, sukari na blanketi, na nikiwa mkweli, moyoni nilipumua.

Wiki haikuisha. Nilikwenda kufagia kile chumba, nikakuta maji yaleyale yamepanda na kutapakaa sakafuni. Nilisimama mlangoni na ufagio wangu. Chumba hakikuwa na mtu. Magunzi yalikuwa chini ya kufuli, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Sikupiga simu tena. Jumamosi ile mimi na mume wangu tulishika majembe, tukafuata bomba kuanzia kwenye chemba kushuka shimoni. Kwanza tuliona kwamba mabomba yaliyoingia chembani ni mawili, la mzee na letu, na linalotoka ni moja. Walikuwa wameyaunganisha, nadhani ili wapunguze kuchimba. Tukaendelea hadi mwisho, pale bomba linapoingia shimoni. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa mfuko wa saruji uliokunjwa vizuri na kukazwa kwa waya wa kufungia nondo. Mafundi huziba hivyo ili zege lisiingie bombani wakati wa kumwaga mfuniko, kisha huondoa. Hawa hawakuondoa. Maji yalikuwa yanapenya pembeni kidogokidogo, na mengine yote yakirudi juu. Na mahali pa chini kabisa pa kutokea, katika nyumba yetu nzima, palikuwa chumbani kwa mzee.

Nyani haoni kundule. Nilikaa juu ya udongo nikalia, mume wangu akaendelea kuchimba bila kunitazama.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikaupeleka ule mfuko Makambako ndani ya ndoo, nikauweka mbele ya msimamizi. Aliutazama kama mtu anayetazama mzigo wa abiria mwingine.

"Mifuko ya saruji iko nchi nzima, mama. Andika malalamiko uache hapo."

Niliandika ukurasa mzima. Wakaugonga mhuri, wakanipa nakala. Hawajaja mpaka leo. Bomba la mzee alikuja kulitenganisha yule fundi wa mtaani niliyemkataa, naye hakunisema, ingawa alikuwa na haki.

Kisha tukaenda Kifanya, Jumapili baada ya ibada. Mzee alikuwa ameketi nje kwake, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Nilipiga magoti mbali kidogo kama siku zote.

"Kamwene, baba."

"Kamwene."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na sasa sikuwa na neno hata moja ambalo mkwe anaweza kumwambia mkwe wake. Mume wangu akasema kwa niaba yangu. Alieleza habari za mfuko na waya, akasema tumekosa, na kwamba bomba lake sasa linakwenda peke yake.

 Mzee alijibu akimtazama mwanawe.

"Mwambie mkwe wangu kile choo sikukitumia hata siku moja. Niliwaona wanayaunganisha mabomba. Nikawa nakwenda kule kwenye miparachichi, alfajiri, kabla hamjaamka."

"Sasa, baba, yale yaliyokuwa yanapanda chumbani..." mume wangu akaanza kuuliza.

"Nilikuwa nafuta," mzee akasema. "Ningemwambia nani?"

Kuhusu kurudi Njombe, alisema atafikiri. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, macho chini. Maji yale yalikuwa yetu. Kila asubuhi, kwa mguu mmoja mzima, mzee alikuwa amefuta uchafu wangu ili nisiaibike, nami nikamfungia magunzi.