Taa ya Mwisho wa Mfereji

Taa ya jikoni kwa mama haikuwahi kutulia. Ilipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, na ukiitazama sana nawe ulianza kusinzia. Umeme wake ulitoka kwenye mtambo mdogo uliokaa chini ya genge, ambao wanamfereji, yaani wote tunaogawana maji ya mfereji mmoja, waliujenga kwa msaada wa usharika wetu nilipokuwa bado sijaanza shule. Maji yalishuka kutoka msitu wa Meru, yakapita katikati ya migomba na kahawa za watu, yakaingia kwenye bomba, yakauzungusha mtambo, kisha yakatokea kwetu. Shamba letu ndilo la mwisho. Tulipata maji waliyoyabakiza wenzetu, na mwanga uliotokana na maji hayohayo.

Mfereji ulikuwa na sheria yake, ambayo haikuandikwa popote na haikuvunjwa na mtu. Tangu jua kuzama maji yote yalikuwa ya mtambo. Alfajiri watu walianza kufungua kwa zamu, na zamu ya kwanza ilikuwa ya shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ambaye shamba lake liko juu ya genge. Aking'oa kile kizibo chake cha udongo na magome ya mgomba, maji ya mtambo yalipungua na taa za nyumba zote zilizounganishwa zilishuka mpaka zikabaki na wekundu wa kaa la moto. Wengine walikuwa wamelala, hawakuona. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, sufuria iko juu ya mafiga, kuni zimepangwa, kiberiti kiko mkononi, anaitazama taa. Ikishuka, husema, "Ameamka." Ndipo huwasha moto.

Nilishawahi kukaa naye asubuhi kama hizo, nimejifunika shuka, nusu niko jikoni na nusu bado niko ndotoni. Ukungu unaingia mlangoni, mfereji unanong'ona nyuma ya nyumba, na mama anaitazama taa. Sijui tulikaa hivyo dakika ngapi. Nilichojua ni kwamba kabla ya taa kushuka mabega yake yalikuwa juu, na baada ya hapo yalishuka nayo.

Cha kushangaza ni kwamba mama na shangazi hawakuwa wanasalimiana. Waligombana ukame mmoja, baada ya baba kufariki, kwa sababu ya zamu ya maji. Kahawa ya mama ilikuwa inakauka, na vichipukizi vya migomba ya shangazi pia vilikuwa vinakauka, na katika kurushiana maneno shangazi alimwambia mama kwamba alikuja pale na kanga yake tu, maji si ya kwao. Mama naye akamjibu jambo kuhusu mwanamke aliyerudi kuishi kwenye shamba la baba yake, jambo ambalo sitaliandika hapa. Maji yakimwagika hayazoleki. Kanisani walikaa madawati ya pande mbili, na salamu zao, zikihitajika sana, zilipitia kwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa naenda kwa shangazi, naamkia shikamoo, napewa ndizi za kupeleka mjini, na hakuna hata siku moja aliyoniuliza mama anaendeleaje. Mama naye hakuniuliza. Hakuwa na haja ya kuuliza, taa ilikuwa imeshamwambia.

Kazi yangu mimi ni maneno ya umeme. Naishi Moshono, na ofisi ninayofanyia kazi mjini Arusha huandaa rasimu za kanuni za soko la umeme la ukanda wetu: umeme uzalishwe nchi moja, upite nchi ya pili, uuzwe ya tatu. Ni kazi nzuri na ni kazi ya kuchosha. Tunakaa kwenye ukumbi wa hoteli, maji ya chupa yamepangwa kama askari, na watu wazima wenye tai wanabishana kutwa nzima juu ya neno moja. Umeme ukishuka nguvu mpakani, nani alaumiwe? Nchi inayopitishiwa ipewe nini kwa kuacha njia? Mimi nilikuwa nachungulia dirishani kuutafuta mlima, ambao mara nyingi ulikuwa umejifunika mawingu, nikawa nawaza kwamba kule juu haya mambo yalishaamuliwa na watu wenye majembe. Mkutano mmoja tuliafikiana kwamba umeme mzuri ni ule ambao mteja hausikii: haupandi, haushuki, wala hana sababu ya kujua unatoka wapi. Sentensi ile niliiandika mimi. Niliiona nzuri, na bado naiona nzuri.

Masika moja nikapanda kumwona mama. Mvua ilinyesha usiku kucha, kila kitu kilikuwa kinatiririka, hata njia ya kwenda chooni ilikuwa mfereji. Alfajiri taa ikashuka kama kawaida, ikakaa chini kidogo, kisha ikapanda tena. Nikasema labda ni majani yameziba wavu wa mtambo.

Mama akawasha kiberiti. "Si majani. Ni shangazi yako, siku hizi amekuwa mtu wa ajabu, anamwagilia mvua." Akasema kwa dharau kabisa, lakini moto ulishika mara moja na chai siku hiyo alitia tangawizi.

Halafu nguzo za umeme zikaja. Zilipanda kutoka barabara ya Usa River, zikapita kwenye maua na mbogamboga za mashamba makubwa, zikaingia kwenye vichochoro vyetu vya migomba, na vijana wakawa wanazipigapiga kwa viganja kama wanaokagua ng'ombe mnadani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu walitaka umeme wa gridi ya taifa, na walikuwa na haki ya kuutaka. Fundi wa kuchomelea alitaka kuchomelea, mwenye duka alitaka friji, zahanati ilitaka chanjo zikae kwenye baridi isiyoyumba. Umeme wa mfereji ulikuwa unaua televisheni na kuchaji simu kwa kujisikia. Kwa upande wangu nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipomwona mama akiitazama taa yake mchana, ikiwa imezimwa, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Mwenyekiti wa mfereji alinipigia simu nije niwaeleze sheria, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wao anayekula mkate wa umeme. Niliwaandikia mambo kwa Kiswahili chepesi. Gridi inapofika mahali penye mtambo mdogo, wenye mtambo wanaweza kuuza umeme wao kwa gridi, au kununua kwa jumla na kuusambaza wenyewe, au kufunga na kudai kile kinachostahili kwa mujibu wa kanuni. Kuuza kungetaka maji yapite kwenye bomba usiku na mchana bila kukatika, na hakuna mkulima pale ambaye angekubali migomba yake ife ili mji uone taa. Kusambaza hakuna aliyekutaka. Kwa hiyo kabla hata mkutano haujaitishwa kila mtu alijua kwamba mtambo ungefungwa.

Siku ya kuamkia mkutano mama alinifuata uwanjani nilipokuwa naanua nguo. Akaniuliza kama katika hizo sheria zangu hakuna mahali panapomruhusu mtu kubaki na taa yake moja. Nikamwambia nyumba itakuwa na mwanga mzuri kuliko mwanzo, hautayumba hata siku moja. Nikasikia jinsi nilivyosema, nikaona haya. Mama alikunja shuka aliyoshika, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kitabu cha nyimbo.

"Sasa nitajuaje?" akasema.

Nilimwambia apande tu genge, abishe hodi, aone kwa macho. Akanitazama kama vile nimemwambia aruke mto kwa mguu mmoja. Kununiana kukishazeeka kunakuwa na heshima yake, na anayetaka kumaliza kununiana huko lazima atangulize mguu, na miguu ya wale wawili ilikuwa imeota mizizi. Niliumia kwa ajili yake. Niliona kwamba gridi ingemletea mwanga usio na mtu ndani yake, na asubuhi moja angekaa kwenye kigoda na kiberiti mkononi, asijue awashe au asiwashe.

Nikarudi kwenye kanuni. Nilizisoma jikoni, chini ya taa hiyohiyo inayoyumba, nikitafuta tundu. Na tundu lilikuwepo: anayejizalishia umeme mdogo kwa matumizi yake mwenyewe, bila kumuuzia mtu, hahitaji leseni. Mafundi wa gridi wasingeruhusu nyaya mbili zikutane katika nyumba moja, lakini jiko la mama limejengwa peke yake, hatua chache kutoka nyumba kubwa. Nyumba ichukue gridi, jiko libaki na mfereji, na mtambo uendelee kuzunguka kwa ajili ya jiko hilo tu. Sheria ya serikali ilikuwa imekubali. Iliyobaki ni sheria ya mfereji, kwa sababu maji hayakuwa ya mama, na mtu wa mwisho hapati kitu mpaka wa juu wakubali kukiacha kipite.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kanisa, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye nyasi, masufuria ya chakula chetu cha loshoro yakisubiri kando juu ya moto. Shangazi alikaa mbele kabisa, ameweka fimbo magotini. Mama alikaa nyuma. Kufunga mtambo kulipita upesi, hata makofi yalipigwa. Kisha nikasimama kueleza ombi la mama, nikasema ni taa moja tu, ya jikoni, na sheria inaruhusu.

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akauliza bibi anataka nini na taa ya kaa la moto wakati nyumba yake kubwa itakuwa inawaka kama mchana. Mama akajibu kwamba ile mpya itamuumiza macho. Hakujua kudanganya, tangu zamani, na kila aliyekuwa pale aliliona hilo. Mwingine akasema kuacha maji usiku kucha kwa ajili ya globu moja ni uharibifu, na nani atakayesafisha wavu? Minong'ono ikaanza kupanda. Mwenyekiti akainua mkono, akasema kwa desturi yetu mwenye zamu inayogusana na mtambo ndiye wa kusema kwanza, asipokubali, hakuna haja ya wengine kuchoka. Akamgeukia shangazi.

Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, jambo la nadra, na nakumbuka niliutazama ili nisimtazame mama. Kila mtu alijua habari za wale wawili. Nilijiambia kwamba tumekwisha, kwamba mimi na kanuni zangu tumempeleka mama mbele za watu akaaibike.

Shangazi hakusimama. Alizungumza akiwa anaitazama fimbo yake.

"Mwacheni na taa yake. Mimi masika yote nafungua maji alfajiri, na shamba limelowa mpaka nateleza. Mnadhani nilikuwa namwagilia nini?"

Nadhani wengi hawakuelewa, walidhani ni maneno ya uzee. Mimi nilielewa polepole, kama maji yanavyofika kwenye shamba la mwisho: kwanza unasikia, kisha unaona udongo unabadilika rangi. Mvua zote zile. Mwanamke wa umri ule anatoka kitandani gizani, anashuka kwenye matope na fimbo, anang'oa kizibo cha shamba lisilohitaji tone, anasubiri, anaziba tena, anarudi kulala. Na chini ya genge yuko mwenzake anasema, ameamka. Nilitaka kulia, nikalia kidogo, nikajifanya ni moshi wa masufuria.

Nyuma yangu nikamsikia mama akikohoa. Kisha akasema, kwa sauti ya kumfikia wa mbele, maneno yake ya kwanza kwa wifi yake tangu ukame ule.

"Na mimi nilidhani umezeeka vibaya."

Shangazi akaanza kutikisika mabega. Ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

Siku hizi nyumba kubwa ina mwanga mweupe usioyumba, na mama ameuzoea na anausifia kwa wageni. Mjini tuliipitisha ile kanuni yetu, nami niliinua mkono kama wenzangu, kwa sababu zahanati inahitaji umeme unaotulia na fundi anahitaji mkate. Ni kweli kabisa na sina ugomvi nayo. Ila wakati wa kuinua mkono akili yangu haikuwepo ukumbini, ilikuwa kule jikoni, kwenye ukungu.

Nilipanda tena masika haya. Wavu wa mtambo, ambao sasa unazungukia taa yake moja tu, mama anausafisha mwenyewe, anagombana na majani kwa majina yao. Alfajiri alikuwa kwenye kigoda, kuni zimepangwa, mvua inapiga bati. Kupitia mlangoni niliiona taa ya ukumbini nyumba kubwa, imetulia tuli. Ya jikoni ikashuka, ikawa kaa la moto, ikakaa chini kidogo, ikapanda.

Mama akashusha mabega. Akawasha kiberiti, kisha akaongeza kikombe kimoja cha maji kwenye sufuria ya chai, na akaniambia nikaondoe komeo la mlango wa uani, kwa sababu mwenzake anatembea taratibu kwenye matope.