Swali la Jina Lingine

Fomu ya kuomba leseni ya tiba ya sindano ya Kichina niliijaza kwa siku moja, isipokuwa swali moja lililonichukua siku kumi na moja. Matokeo ya chuo niliyaambatisha, saa zangu za mazoezi kwenye kliniki ya wanafunzi, bima, cheti cha polisi, nakala ya pasipoti, vyote. Halafu nikafika hapo panapouliza kama umewahi kujulikana kwa jina lingine lolote. Visanduku viwili: Ndiyo, Hapana. Nikafunga kompyuta.

Nilizaliwa kambini, mkoa wa Kigoma, kwa wazazi waliokimbia Burundi. Kwetu jina la ukoo halipo. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na hata ndugu wa tumbo moja hawafanani majina. Jina alilonipa baba nililitumia miaka mitatu. Baba alikuwa ameshatangulia, na mama mzazi naye alipofariki nilipelekwa kwa dada yake mkubwa, upande wa pili wa kambi. Huyo ndiye ninayemwita Mama, na kwa desturi yetu sikosei. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja na kadi ya posho ya chakula ya watu wawili. Wiki chache kabla sijaletwa, yule binti alikufa kwa malaria. Mama hakuripoti kifo hicho. Kadi ikabaki ya watu wawili, nami nikaingia mahali pa marehemu: jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, kikombe chake cha uji. Walipokuja watu wa kuhamisha wakimbizi na orodha zao, tulihesabiwa mama na binti, na Sydney tulitua hivyo hivyo. Shuleni Guildford mwalimu alishangaa kwa nini nina umbo dogo kuliko umri wangu. Umri haukuwa wangu.

Mama aliniambia haya mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndani ya treni ya kwenda Minto kwenye harusi. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekukumbusha kuzima jiko. Alipomaliza alisema, "Hilo limekwisha. Usilitaje." Tukashuka, tukala pilau, nikacheza na wenzangu mpaka viatu vikakatika.

Kwa hiyo unaweza kuelewa zile siku kumi na moja. Kujulikana maana yake nini? Kujulikana na nani? Mtoto wa miaka mitatu anaitwa na watu wanne au watano, na karibu wote wamekufa. Je, huko ndiko kujulikana? Chini ya fomu palikuwa na maneno kwamba ninathibitisha yote niliyoandika ni kweli, na kwamba uongo unaweza kunifutia leseni. Niliwaza mgonjwa amelala kifudifudi, sindano kumi na mbili mgongoni, kisha mtu anagonga mlango na kuniita kwa jina la kwanza. Niliwaza nani angezichomoa. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Kwenye mtihani wa mwisho nilipima urefu wa mkono wa mgonjwa kwa upana wa kidole gumba chake ili kupata pa kuchoma, kama tulivyofundishwa, nikapima tena, nikapima mara ya tatu, mpaka mgonjwa mwenyewe akaniuliza kama kidole kina kasoro.

Siku ya kumi na moja nikachagua Ndiyo. Nikaambatisha barua ya maelezo ya kurasa nne. Sikumwambia Mama kwanza. Nilijidanganya kwamba nisingependa kumsumbua kabla ya shifti yake.

Mwenzangu wa darasani, Mkenya ambaye hajawahi kuwaza jambo lolote mara mbili, aliposikia aliweka kahawa yake chini. "Wewe nawe! Hiyo swali ni ya wale walioolewa wakabadilisha jina. Mimi nilibonyeza Hapana nikaenda lunch."

"Na wewe si kijijini walikuwa wanakuita jina la babu?"

"Wananiita mpaka leo. Sasa nimwandikie serikali barua juu ya babu?" Alicheka, halafu akaniona uso, akaacha. "Pole, sista. Lakini kurasa nne?"

Majibu ya bodi ya leseni yalikuja kwa adabu. Walinishukuru kwa uwazi wangu. Kwa kuwa sikuwa na cheti chochote chenye jina lile la kwanza, waliomba tamko la kiapo kutoka kwa mtu aliyenijua nilipokuwa nikilitumia, lieleze jina lilibadilikaje. Bila karatasi hiyo maombi yangu yangesimama, na kliniki ya Parramatta iliyonishikia nafasi ya kazi ingengoja mpaka mwisho wa mwezi tu. Niliwahesabu watu walionijua wakati ule. Alibaki mmoja.

Mama alirudi jioni kutoka Rooty Hill, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni kuvua viatu.

"Mama, bodi wanataka barua."

"Barua gani tena? Si uliwapa zote?"

"Ya kwako. Ya kusema ulinijua kwa jina lile."

"Jina lipi?"

Nikalitamka. Sikuwahi kulitamka ndani ya nyumba ile. Aliendelea kulegeza kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimeshalegea.

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

"Walikuuliza wewe?"

"Wanauliza watu wote, Mama. Ni swali la fomu."

"Miaka kumi na sita najaza fomu za nchi hii," alisema. "Fomu haina macho. Haikuona wewe ukizaliwa." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Watatunyang'anya uraia?"

Nilimpeleka kwa mwanasheria wa huduma ya bure. Alikuwa dada mpole. Alisema kwa kawaida mtoto halaumiwi, kwa kawaida mlezi aliyemchukua yatima haandamwi, kwa kawaida bodi ya matibabu haipeleki mambo kama hayo kwingine. Alisema "kwa kawaida" mara tatu, nilihesabu. Mama hakuhesabu. Aliuliza kitu kimoja: bila hiyo karatasi, binti yangu atafanya kazi? Mwanasheria akasema huenda asifanye. "Basi nitaandika," Mama akasema.

Ni lazima niseme alivyokuwa akijivunia kazi hii. Wanawake wa kanisani, ambao humwita Shangazi kwa heshima tu, walimtania kwa miaka. "Shangazi, mtoto wako kasoma miaka minne kujifunza kudunga watu sindano zisizo na dawa ndani?" Naye huwajibu, "Dawa iko mkononi mwake. Mgongo ukikukamata utamtafuta, na mimi ndiye nitakayekupangia foleni." Alikuja kliniki ya wanafunzi mara sita ili nitibu bega lake lililochoka kwa kuinua wazee. Alilala macho wazi, akiwaambia walimu wangu, huyu mimi nimemzaa.

Jumamosi tulikwenda maktaba, ambako mzee mmoja wa kujitolea hukaa na muhuri wake kushuhudia viapo vya watu. Mama alivaa kitenge cha kanisani. Tamko nililiandika mimi kwa Kiingereza, na nyumbani nilikuwa nimemfasiria kila mstari. Mahali pa tarehe ya kifo cha binti nilipaacha wazi. Nilimwuliza mara mbili, akasema ataijaza mwenyewe.

Mzee alimwuliza kama amesoma na kama ni kweli. Mama akasema ndiyo. Akapewa kalamu. Alipofika kwenye pengo lile, kalamu ikasimama.

"Hii sijui namba yake," alimwambia. "Ilikuwa siku mbili kabla ya kugawa posho."

"Si neno, mama," yule mzee akasema. "Mimi nashuhudia sahihi tu. Sina haja ya kujua yaliyomo."

Nadhani ni hapo alipofunguka, kwa sababu yule mzee hakuwa na haja ya kujua. Kiingereza cha Mama ni cha kazini, cha inua mkono mpenzi, cha umemaliza, cha tugeuke upande huu. Kwa maneno hayo hayo alimweleza. Kwamba mtoto alikuwa na homa siku nne. Kwamba alimwosha mwenyewe, akamgeuza upande huu na upande huu. Kwamba walimzika alfajiri yeye na mwanamume mmoja wa jirani, na kwamba hakulia, kwa sababu msiba ungesikika na kadi ingekatwa, na siku mbili baadaye alipanga mstari wa posho akasema watu wawili. "Nikasema wawili," alirudia, akionyesha vidole viwili, kisha akanionyesha mimi. "Huyu alikuwa hajaja bado. Huyu alikuja baadaye."

Nyuma yetu palikuwa na watu wanne wenye karatasi zao. Mzee alishika muhuri wake bila kuugonga mpaka Mama alipotia sahihi. Kwenye pengo la tarehe Mama aliandika kwa Kiswahili, siku mbili kabla ya posho, na bodi waliipokea hivyo hivyo.

Mimi nilisimama pembeni kama mtu aliyeshikilia mkoba. Miaka yote hiyo niliamini siri ile ilikuwa yangu, kwamba mimi ndiye niliyepoteza jina. Nilizunguka nayo siku kumi na moja nikijihurumia. Kwamba kulikuwa na mtoto ambaye hakuliliwa, na kwamba nilikaa mahali pake hata akakosa msiba, hilo, kwa kuwaza kwangu kote, sikuwa nimeliwaza.

Leseni ilitoka siku nane kabla mwezi haujaisha. Jina langu liliingia kwenye orodha ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta. Nilimwonyesha Mama kwenye simu. Lilikuwa jina la kwenye pasipoti, la binti yake. Alilisoma kwa muda mrefu, akalikuza kwa vidole.

"Amesoma," alisema. "Mwanangu amesoma."

Kisha akanirudishia simu, akanitazama, akaniita kwa lile jina alilonipa baba. "Asante," akasema, na jina.

Tangu siku hiyo hajaniita kwa jina jingine. Hana hasira. Ananipakulia kama zamani, ananiuliza kama wagonjwa wanakuja, bega lake analileta kwenye kliniki ya Parramatta siku ya Alhamisi. Lakini analitamka jina lile kwa uangalifu, kwa heshima kidogo, kama anavyomwita mtoto wa mtu. Mimi huchelewa kuitika. Nikiitika, sauti yangu huwa ya mgeni.

Mwezi uliofuata aliomba kanisa lije nyumbani kwa maombi ya msiba wa mtoto. Walikuja Jumapili baada ya ibada na chupa za chai na maandazi, wakidhani amepata habari kutoka Burundi. Mchungaji wetu ni Mkongo wa Bukavu. Alifungua Biblia, akauliza, "Mama, mutoto aliitwa jina gani, ili tumutaje?"

Mama akalitaja.

Watu wote wakanigeukia. Wanawake wale wamenijua kwa jina hilo tangu nilipokuwa naimba na watoto mbele ya kanisa. Mmoja akacheka kidogo, akidhani Mama amechanganyikiwa kwa majonzi. "Shangazi, si huyu hapa?"

"Huyu ni wa mdogo wangu," Mama akasema. "Wangu alikufa." Akaanza kulia, kwa sauti kubwa, mbele za watu.

Niliinuka kwenda kumshika. Wanawake wawili walikuwa wameshamzunguka, na mmoja akanionyesha kwa mkono, bila ubaya, nikaangalie chai. Nikaenda jikoni, nikajaza birika, nikawasha. Kutoka sebuleni nikamsikia mchungaji akiombea roho ya marehemu, akilitaja jina pole pole, mara tatu, ampokee, ampumzishe. Wakaitikia amina. Nami nikaitikia, nikashusha vikombe.