Ngoma ya Mzee Sun

Mzee Sun ana miaka sabini na tisa, na thelathini na moja kati ya hiyo aliimaliza akikaanga wali kwenye majiko ya watu hapa London. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani; humwogesha na kumpa dawa asubuhi, huku Walthamstow.

Kabla ya wali alikuwa msimulizi. Kwao Tianjin, Uchina, mjomba wake alimfundisha kusimulia hadithi kwa ngoma: ngoma ndogo bapa juu ya miguu ya mianzi, kijiti mkono wa kulia, na vibao viwili vya kugonganisha mkono wa kushoto. Anapiga, anaimba, anasema. Mtu mmoja anakuwa hakimu, mjane na punda. Lakini hapa London hajawahi kumaliza hadithi hata moja mbele ya mtu. Jikoni nani akusikilize?

Mwaka huu mtaa ukaandaa siku ya wazee ukumbini, nikamwandikisha. Miezi miwili alifanya mazoezi ya hadithi ya mjane aliyetembea siku tisa kumfuata hakimu. Kiharusi kilishamlegeza mkono wa kushoto: vibao vinamponyoka, naviokota, anaanza upya. Namwambia meza dawa, ananiambia subiri mjane avuke mto.

Siku ikafika. Hadithi zile huanza na ngoma tupu, dakika nne hivi, bila neno. Akapiga, na vibao havikuponyoka hata mara moja. Akasimamisha ngoma, akavuta pumzi aanze kusema. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Fanuel, mshereheshaji, Mkenya mmoja mwenye haraka zake, akadaka maikrofoni akamshukuru, na watoto wa dansi wakajaa jukwaani.

Nikamfuata hukohuko.

"Wewe, mzee hajasema hata neno."

"Si amepiga, mama? Ilikuwa poa sana."

"Amepiga hodi. Kwenu mgeni akibisha hodi mnamwambia kwaheri?"

"Programu imejaa. Nitamweka mwisho, sawa?"

"Mwisho watu wameshakwenda kula."

"Sasa nifanyeje, niwafungie mlango?"

Kurudi kwa Mzee, ameshakunja miguu ya ngoma.

"Tumepewa mwisho," nikamwambia.

"Sirudii. Ukishapigiwa makofi umeshaagwa."

Huyo naye! Miezi miwili ya kuniokotesha vibao chini ya kitanda, leo ananiletea maringo. Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, mimi cha nyuma.

Jumanne nikamkuta kanuna vilevile, ngoma kaitupa juu ya kabati. Nikachoka naye.

"Basi nisimulie mimi."

"Hujui Kichina."

"Na wale wa ukumbini walikijua?"

Akaitazama ngoma kule juu. Kisha akaniambia niishushe.

Ofisi inanipa nusu saa kwa kila mzee. Nusu saa ikaisha mjane ndiyo kwanza yuko mtoni. Nikavaa koti, nikamwambia lazima niende, Stratford kuna bibi anasubiri chai yake. Akaendelea kusimulia; alikuwa punda wakati huo. Nikampigia Gladness wa ofisini.

"Nitachelewa."

"Kuna nini, dada Vaileth?"

"Mjane bado hajafika kwa hakimu."

"Mjane gani? Sasa mimi niandike nini hapa?"

"Andika mzee anaongea, hajamaliza."

"Hiyo si sababu."

"Basi iandike hivyohivyo, isiyo sababu."

Akamaliza saa nne na dakika kumi asubuhi. Nilimsikiliza nimesimama mlangoni, koti mwilini, nimewakasirikia watu wote kuanzia Fanuel mpaka yule hakimu. Vibao vilianguka mara mbili, na mara zote mbili aliviacha chini akaendelea.